L. Frank Baum

Lyman Frank Baum (Chittenango, New York, 15 Mei 1856 – Hollywood, California, 6 Mei 1919) alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto, mtunzi wa tamthilia na mtayarishaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa riwaya ya The Wonderful Wizard of Oz ya mwaka 1900, ambayo maana yake kwa Kiswahili ni Mchawi wa Ajabu wa Oz, pamoja na vitabu vingine 13 vilivyoendeleza habari za nchi hiyo ya kubuni.

Watu wengi duniani wanaijua Oz kupitia filamu ya mwaka 1939 kuliko kupitia kitabu chenyewe. Baum hakuiona filamu hiyo, kwa kuwa alifariki miaka 20 kabla haijatoka. Hata hivyo, alikuwa mmoja wa waandishi wa kwanza kujaribu wenyewe kuzigeuza hadithi zao kuwa filamu. Alifanya hivyo mara mbili, mwaka 1908 na mwaka 1914. Jaribio la kwanza lilimfilisi, na kampuni aliyoianzisha katika jaribio la pili ilidumu muda mfupi tu. Mara zote mbili alirudi kwenye kalamu, na vitabu ndivyo vilivyomwezesha kuitunza familia yake.

Maisha ya awali

Baum alizaliwa katika kijiji cha Chittenango, jimbo la New York. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto tisa wa Benjamin Ward Baum na Cynthia Ann Stanton. Ni watoto watano tu kati ya hao waliofikia utu uzima. Jina la Lyman alipewa kwa heshima ya ndugu wa baba yake, lakini hakulipenda, akawa anajiita Frank.

Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza mapipa, kisha akatajirika kutokana na biashara ya mafuta ya petroli katika jimbo la Pennsylvania. Familia ilihamia kwenye shamba kubwa lililoitwa Rose Lawn, na hapo Frank alisomeshwa nyumbani. Alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu, aliyependa kukaa peke yake na kuwaza mambo ya kubuni. Alipofikisha umri wa miaka 12, wazazi wake walimpeleka katika shule ya kijeshi ya Peekskill. Alikaa huko miaka miwili kwa shida, akaugua na kurudishwa nyumbani.

Baadaye baba yake alimnunulia mashine ndogo ya kuchapia. Frank na mdogo wake Henry waliitumia kutoa gazeti la nyumbani lililoitwa The Rose Lawn Home Journal. Mwaka 1873 alichapisha pia orodha ya wauzaji wa stempu. Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi alianza kufuga kuku wa mapambo wa aina ya Hamburg, na mwaka 1880 akaanzisha jarida la wafugaji. Hata kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1886, kilihusu kuku hao. Tabia hii ya kukigeuza kila alichokipenda kuwa maandishi iliendelea maisha yake yote.

Jukwaani

Kabla ya filamu kuwepo, Baum alipenda sana maigizo ya jukwaani. Baba yake alimjengea jumba la maigizo katika mji wa Richburg, jimbo la New York, na Frank akaanza kutunga michezo yake mwenyewe na kukusanya waigizaji. Mchezo wake uliofanikiwa zaidi wakati huo ni The Maid of Arran wa mwaka 1882, uliotokana na riwaya ya William Black. Baum aliandika maneno ya mchezo huo, akatunga nyimbo zake na kuigiza kama mhusika mkuu.

Alipokuwa safarini na kundi lake, jumba la Richburg liliteketea kwa moto. Maandishi ya michezo yake mingi yaliungua humo, na hayakuwa na nakala nyingine. Ilikuwa hasara yake kubwa ya kwanza katika sanaa ya maonyesho, lakini haikuwa ya mwisho.

Ndoa na familia

Tarehe 9 Novemba 1882 Baum alimwoa Maud Gage. Mama yake Maud, Matilda Joslyn Gage, alikuwa mwanaharakati mashuhuri wa haki za wanawake, ikiwemo haki ya kupiga kura. Mama mkwe huyo aliathiri sana fikra za Baum, na wataalamu wengi huona alama yake katika vitabu vya Oz, ambamo wasichana na wanawake ndio wanaoongoza safari na kutawala nchi. Inasemekana pia kwamba Matilda ndiye aliyemhimiza mkwewe kuziandika hadithi alizokuwa akiwasimulia watoto.

Frank na Maud walijaliwa watoto wanne, wote wa kiume: Frank Joslyn, Robert Stanton, Harry Neal na Kenneth Gage. Maud ndiye aliyesimamia fedha za nyumbani, kwa kuwa mumewe hakuwa mtu wa kuweka akiba. Jambo hili lilikuja kuwa na umuhimu mkubwa baadaye.

Miaka ya Dakota

Mwaka 1888 familia ilihamia mji wa Aberdeen katika eneo la Dakota, ambalo leo ni sehemu ya jimbo la South Dakota. Baum alifungua duka lililoitwa Baum's Bazaar. Wakulima wa huko walikuwa wameathiriwa na ukame, naye aliwakopesha bidhaa kwa urahisi mno, hata duka likafungwa. Baada ya hapo akawa mhariri wa gazeti la Aberdeen Saturday Pioneer. Wachambuzi wengi huona kwamba nchi kame na ya kijivu ya Kansas, inayoelezwa mwanzoni mwa kitabu chake maarufu, ilitokana na yale aliyoyaona Dakota.

Gazeti hilo liliacha pia doa katika jina lake. Mnamo Desemba 1890, baada ya chifu Sitting Bull wa Walakota kuuawa, na tena Januari 1891, baada ya mauaji ya Wounded Knee, Baum aliandika tahariri mbili zilizotaka wenyeji asilia wa Marekani waangamizwe kabisa. Wanaosoma vitabu vyake vilivyojaa huruma kwa wageni na wanyonge hushangazwa na maandishi hayo, na mjadala juu yake unaendelea. Mwaka 2006 wazao wa Baum waliwaomba radhi watu wa jamii hiyo.

Chicago na kuanza kwa uandishi wa vitabu

Gazeti lilipokufa mwaka 1891, familia ilihamia Chicago. Baum alifanya kazi ya uandishi wa habari, kisha akawa mchuuzi wa kusafiri aliyeuza vyombo vya kauri na vya kioo. Kazi hiyo ilimweka mbali na nyumbani kwa siku nyingi, na moyo wake ulipata matatizo. Mwaka 1897 alianzisha jarida la The Show Window, lililowafundisha wenye maduka namna ya kupamba madirisha yao ili kuwavutia wapita njia. Katika jarida hilo alieleza jinsi sanamu zinazosogea, taa na rangi zinavyoweza kumfanya mtu asimame na kutazama. Ujuzi huo wa kuvuta macho ya watu ulionekana baadaye katika vitabu vyake na katika filamu zake.

Mwaka huohuo wa 1897 alitoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi za watoto, Mother Goose in Prose, kilichochorwa na Maxfield Parrish. Mwaka 1899 alishirikiana na mchoraji W. W. Denslow kutoa kitabu cha mashairi ya kuchekesha, Father Goose: His Book, ambacho kiliuzwa sana.

Kufika hapo Baum alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Alikwisha kuwa mfugaji, mwigizaji, mwenye duka, mhariri na mchuuzi, na karibu kila kazi ilikuwa imemshinda. Alipomaliza kuandika hadithi ya msichana Dorothy kwa mkono, mwezi Oktoba 1899, aliitia penseli aliyoitumia katika fremu na kuandika tarehe ya siku hiyo.

Mchawi wa Ajabu wa Oz

The Wonderful Wizard of Oz ilitolewa mwaka 1900 na kampuni ya George M. Hill ya Chicago, ikiwa na michoro ya rangi ya Denslow. Inamhusu Dorothy, msichana yatima anayeishi Kansas na shangazi yake na mume wa shangazi. Kimbunga kinaibeba nyumba yao, Dorothy na mbwa wake Toto wakiwa ndani, hadi nchi ya Oz. Akiwa njiani kumtafuta mchawi mkuu anayedhaniwa kuwa na uwezo wa kumrudisha kwao, Dorothy anakutana na sanamu ya kutishia ndege inayotaka akili, mkata miti wa bati anayetaka moyo, na simba mwoga anayetaka ushujaa. Mwishowe wanagundua kwamba mchawi huyo ni mtu wa kawaida tu, anayetumia vyombo na hila kuwatisha watu.

Baum alieleza katika utangulizi kwamba alitaka kuandika hadithi ya kisasa, isiyo na vitisho wala mafunzo mazito ya maadili ya ngano za Ulaya. Kitabu kiliuzwa vizuri kuliko vitabu vingine vya watoto kwa miaka miwili.

Baum alikimbilia tena jukwaani. Mchezo wa muziki uliotokana na kitabu hicho ulianza Chicago mwezi Juni 1902, ukiwa na muziki wa Paul Tietjens na ukiongozwa na Julian Mitchell. Mwezi Januari 1903 ulihamia New York. Waigizaji David Montgomery na Fred Stone, waliocheza kama mkata miti na sanamu ya kutishia ndege, wakawa maarufu. Mchezo huo ulizunguka Marekani kwa miaka mingi na kuleta fedha nyingi, lakini Baum na Denslow waligombana kuhusu mgawanyo wa mapato, wakaacha kufanya kazi pamoja.

Kuanzia kitabu cha pili, The Marvelous Land of Oz cha mwaka 1904, vitabu vyote vya Oz vya Baum vilichorwa na John R. Neill na kutolewa na kampuni ya Reilly & Britton. Baum alikitungia kitabu hicho mchezo wa jukwaani, The Woggle-Bug, uliotoka mwaka 1905 na kushindwa baada ya muda mfupi.

Maisha ya mwandishi

Baum alikuwa mwandishi wa kasi. Aliandika kwanza kwa mkono, mara nyingi akiwa amekaa nje, kisha akapiga chapa mwenyewe kwa taipureta. Ili kuongeza kipato bila kulichosha jina lake sokoni, alitumia majina mengi ya bandia, mengine ya kike. Kwa jina la Edith Van Dyne alitoa mfululizo wa Aunt Jane's Nieces kwa ajili ya wasichana, ulioanza mwaka 1906 na kufikia vitabu kumi. Mfululizo huo ulikuwa miongoni mwa vitabu vyake vilivyouzwa zaidi, ingawa wasomaji hawakujua kwamba mwandishi wake ndiye yule wa Oz. Majina mengine aliyotumia ni Laura Bancroft, Floyd Akers, Schuyler Staunton na Suzanne Metcalf.

Mwaka 1906 yeye na Maud walisafiri hadi Misri na nchi kadhaa za Ulaya. Maud alituma barua nyumbani kueleza safari hiyo, na mwaka 1907 barua hizo zilikusanywa kuwa kitabu chenye picha zilizopigwa na mumewe. Kutokana na safari hiyo Baum aliandika pia riwaya ya watu wazima, The Last Egyptian, iliyotoka mwaka 1908 bila jina la mwandishi.

Jaribio la kwanza la filamu (1908)

Katika mwaka 1908 filamu nyingi zilikuwa fupi, zisizo na sauti na zisizo na rangi, na watu wengi waliziona kama mchezo wa maonyesho ya mitaani. Baum aliona kwamba kamera inaweza kuonyesha maajabu ambayo jukwaa haliwezi: mtu kutokea ghafla, kutoweka au kubadilika umbo. Akabuni onyesho aliloliita The Fairylogue and Radio-Plays. Neno la pili katika jina hilo halikuhusu matangazo ya redio, ambayo wakati huo yalikuwa hayajaenea.

Onyesho hilo lilichanganya mambo manne: filamu, picha za slaidi, waigizaji walio hai jukwaani, na okestra iliyopiga muziki wa Nathaniel D. Mann. Baum mwenyewe alisimama mbele ya hadhira akiwa amevaa suti nyeupe na kuisimulia hadithi. Katika filamu, kitabu kikubwa kilifunguka na wahusika wa Oz wakatoka katika kurasa zake. Filamu zilipigwa na kampuni ya Selig Polyscope ya Chicago, kisha zikapelekwa Paris ili kila picha ipakwe rangi kwa mkono.

Onyesho la kwanza lilifanyika katika mji wa Grand Rapids, Michigan, mwezi Septemba 1908. Baadaye lilipelekwa Chicago na miji mingine, na mwezi Desemba likafika New York. Watu walikuja, na wengi walisifu. Tatizo lilikuwa gharama. Kila mji mpya ulidai nauli za waigizaji na wapiga muziki, usafirishaji wa mashine na kodi ya ukumbi, na hata ukumbi ukijaa, kiingilio hakikutosha kulipia yote hayo. Baum alikuwa ameingiza fedha zake mwenyewe na kukopa nyingine. Onyesho lilisimamishwa New York, na madeni yakabaki.

Filamu za onyesho hilo zimepotea. Kinachojulikana kuhusu zilivyokuwa kinatokana na maandishi na baadhi ya slaidi zilizosalia.

Kufilisika

Mwaka 1910 Baum alitoa The Emerald City of Oz, akikusudia kiwe kitabu cha mwisho cha mfululizo huo. Katika kitabu hicho, shangazi wa Dorothy na mumewe wanapoteza shamba lao kwa sababu ya deni, na Dorothy anawahamishia Oz, mahali ambapo fedha hazitumiki. Mwishoni nchi ya Oz inafichwa isionekane tena na walimwengu. Wakati huo mwandishi mwenyewe alikuwa akiandamwa na wadai.

Mwezi Juni 1911 alitangazwa rasmi kuwa amefilisika. Mali nyingi zilikuwa zimekwisha andikwa kwa jina la Maud. Baum alibakiwa na nguo, taipureta na vitabu vyake, vingi vikiwa vya hadithi za watoto. Haki ya kupokea mapato ya vitabu vyake vya awali, pamoja na kile cha kwanza cha Oz, ilikwenda kulipa madeni. Kwa hiyo kitabu kilichompa jina kiliendelea kuuzwa bila yeye kufaidika nacho.

Kampuni ya Selig ilitoa filamu fupi nne kutokana na vitabu vyake mwaka 1910. Ya kwanza, yenye urefu wa dakika 13 hivi, ndiyo pekee iliyosalia.

Hollywood na kampuni ya filamu ya Oz

Mwaka 1910 familia ilihamia Hollywood, California, ambako wakati huo palikuwa na mashamba na bustani, kabla ya studio kubwa kufika. Kwa fedha za Maud walijenga nyumba waliyoiita Ozcot. Baum alipanda maua, akashinda tuzo kwa maua yake, akafuga ndege na kuandika akiwa bustanini.

Alijaribu kuanzisha ulimwengu mwingine wa kubuni kwa vitabu vya The Sea Fairies (1911) na Sky Island (1912), lakini havikuuzwa kama vya Oz. Watoto waliendelea kumwandikia wakiomba habari za Oz. Mwaka 1913 alirudi kwao na The Patchwork Girl of Oz, akieleza kwamba habari za nchi iliyofichwa sasa zinamfikia kwa simu ya upepo. Kuanzia hapo alitoa kitabu kimoja cha Oz kila mwaka hadi kifo chake.

Kufikia mwaka 1914 studio za filamu zilikuwa zimemzunguka. Baum alikuwa mwanachama wa klabu ya wafanyabiashara na wasanii wa Los Angeles, na baadhi ya rafiki zake wa huko wakakubali kutoa mtaji. Wakaanzisha Oz Film Manufacturing Company, Baum akiwa rais na mtunzi wa muziki Louis F. Gottschalk akiwa makamu wake. Safari hii Baum hakuingiza fedha zake mwenyewe. Mchango wake ulikuwa hadithi zake.

Kampuni ilijenga studio katika barabara ya Santa Monica. Filamu zake ndefu za kwanza zilikuwa The Patchwork Girl of Oz, The Magic Cloak of Oz na His Majesty, the Scarecrow of Oz, zilizoongozwa na J. Farrell MacDonald. Zilitumia mbinu za kamera kufanya vitu vitokee na kutoweka, na Gottschalk aliziandikia muziki kamili, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Harold Lloyd na Hal Roach, waliokuja kuwa watu wakubwa katika filamu za kuchekesha, walicheza sehemu ndogo humo.

The Patchwork Girl of Oz ilisambazwa na kampuni ya Paramount mwaka 1914 na haikupata watazamaji wa kutosha. Wenye majumba ya sinema waliiona ni filamu ya watoto, na watu wazima hawakutaka kulipa kiingilio ili kutazama kitu cha watoto. Baada ya hapo Paramount haikutaka filamu nyingine za Oz. Kampuni ikajaribu filamu za watu wazima, mojawapo ikitokana na The Last Egyptian, lakini jina la Oz lilikuwa limeshawafukuza wanunuzi. Mwaka 1915 jina la kampuni lilibadilishwa, na muda mfupi baadaye ikafa.

Katika mwaka huohuo wa 1914 kilitoka kitabu cha Aunt Jane's Nieces Out West, ambamo wasichana wa mfululizo huo wanafika California na kujikuta katika kazi ya filamu. Wanapanga kuanzisha majumba ya sinema kwa ajili ya watoto. Ndani ya hadithi jambo hilo linawezekana. Nje yake, Baum alikuwa akitengeneza filamu za watoto wakati majumba ya namna hiyo hayakuwepo.

Hata hivyo kazi ile haikupotea yote. Kitabu cha The Scarecrow of Oz cha mwaka 1915 kilitokana na mojawapo ya filamu hizo, kama vile Tik-Tok of Oz cha mwaka 1914 kilivyotokana na mchezo wake wa jukwaani wa mwaka uliotangulia.

Miaka ya mwisho na kifo

Moyo wa Baum ulikuwa dhaifu tangu zamani, na baada ya kampuni kuvunjika afya yake ilizidi kushuka. Mwaka 1918 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo, na baada ya hapo alikuwa mtu wa kitandani kwa sehemu kubwa. Aliendelea kuandika akiwa amelala. Alikamilisha miswada miwili, The Magic of Oz na Glinda of Oz, ili familia iwe na vitabu vya kutoa hata yeye akiwa hayupo.

Tarehe 5 Mei 1919 alipatwa na kiharusi, na siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake Ozcot. Zilibaki siku tisa afikishe umri wa miaka 63. Alizikwa katika makaburi ya Forest Lawn huko Glendale, California. Miswada aliyoiacha ilichapishwa mwaka 1919 na mwaka 1920.

Baada ya kifo

Mfululizo wa Oz uliendelezwa na Ruth Plumly Thompson, aliyeandika vitabu 19 kuanzia mwaka 1921, na baadaye na waandishi wengine.

Mwaka 1934 mtayarishaji Samuel Goldwyn alinunua haki za kukifanya kitabu cha kwanza kuwa filamu kwa dola 40,000, kisha kampuni ya MGM ikazinunua kutoka kwake. Filamu ya MGM, The Wizard of Oz, ilitoka mwezi Agosti 1939, Judy Garland akiwa Dorothy. Sehemu ya Kansas ilionyeshwa bila rangi na ile ya Oz kwa rangi. Viatu vya fedha vya kitabuni viligeuzwa kuwa vyekundu ili vionekane vizuri. Filamu ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki. Maud, aliyekuwa bado hai, aliiona filamu hiyo. Alifariki mwaka 1953.

Hata filamu hiyo haikuleta faida ilipotoka mara ya kwanza, kwa sababu gharama zake zilikuwa kubwa mno. Ilianza kulipa iliporudishwa katika majumba ya sinema mwaka 1949. Kuanzia mwaka 1956 ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani, na watoto wakaitazama nyumbani kwao bila kuhitaji jumba la sinema. Hadhira ambayo Baum aliikosa mwaka 1914 ilipatikana kwa njia hiyo.

Mwaka huohuo wa 1956 hakimiliki ya kitabu cha kwanza ilikwisha nchini Marekani, na tangu hapo kila mtu anaweza kukitumia. Kati ya kazi zilizotokana nacho ni The Wiz, mchezo wa muziki ulioigizwa na waigizaji weusi na kufanywa filamu mwaka 1978, ikiwa na Diana Ross na Michael Jackson. Nyingine ni Wicked, riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995, iliyogeuzwa kuwa mchezo wa muziki mwaka 2003 na filamu mwaka 2024. Mhusika mkuu wake anaitwa Elphaba, jina lililoundwa kutokana na matamshi ya herufi L, F na B, yaani L. Frank Baum.

Vitabu vya Oz vilivyoandikwa na Baum

The Wonderful Wizard of Oz (1900)
The Marvelous Land of Oz (1904)
Ozma of Oz (1907)
Dorothy and the Wizard in Oz (1908)
The Road to Oz (1909)
The Emerald City of Oz (1910)
The Patchwork Girl of Oz (1913)
Tik-Tok of Oz (1914)
The Scarecrow of Oz (1915)
Rinkitink in Oz (1916)
The Lost Princess of Oz (1917)
The Tin Woodman of Oz (1918)
The Magic of Oz (1919)
Glinda of Oz (1920)